Gari linazunguka kona ya kushoto tu

Ndugu, umesema gari lako la rimoti la 1/10 (moja ya kumi ya gari halisi), la kukimbizia kwenye lami, linakata kulia vizuri ila kushoto mkia unateleza na linazunguka, na springi umeshabadilisha mara mbili. Ziache springi kwanza. Gari linalotofautiana kulia na kushoto mara nyingi chasisi yake imejipinda, hasa likishagonga ukingo.

Kupima hilo, fungua stabilaiza zote mbili (vyuma vyembamba vinavyounganisha saspensheni ya kulia na ya kushoto), maana zinadanganya kipimo. Betri iwe mahali pake. Weka gari juu ya kioo, ingiza ncha ya kisu katikati kabisa chini ya bampa la nyuma, inua taratibu sana. Matairi yote mawili yanyanyuke kwa pamoja. Moja likitangulia, mchawi umempata: chasisi imejipinda.

Legeza skrubu za bamba la juu la chasisi, kandamiza gari kwa viganja lilale sawa kiooni, kisha kaza kwa mshazari, kidogo kidogo. Tafadhali usiharakishe hapa. Pima na urefu wa shokapu, kulia na kushoto zilingane.

Baada ya hapo likiwa linazunguka pande zote mbili, hapo sasa weka springi laini nyuma.