Nembo Iliyobaki Bukavu

Mama mmoja mwenye depo la sementi na mabati hapa Kadutu, Bukavu, aliniomba programu ya kuuzia. Nikamwandikia yenye moduli tatu, mauzo, stoki na ripoti, zote zikijengwa kwa Maven, chombo cha kuunda programu za Java. Kila moja ilihitaji nembo ya depo, fonti ya fakturi, na faili za maneno kwa Kifaransa na Kiswahili.

Mwanzoni nilinakili. Yaliyomo kwenye `src/main/resources` ya mauzo (folda ya picha, fonti na maneno) niliyabandika kwenye moduli zote. Baadaye mama akabadili namba ya simu. Nikarekebisha sehemu mbili, ya tatu nikaisahau: fakturi ikatoka na namba mpya, ripoti na ile ya zamani. Tena neno "Reçu" huku lilisomeka vizuri, kule likawa "ReÃ§u". Nakala moja nilikuwa nimeandika `\u00e7` (msimbo wa ç), nyingine ç yenyewe, na Java 8 ya depo ilisoma `.properties`, yaani faili hizo za maneno, kama ISO-8859-1, mpangilio wa zamani wa herufi. (Tangu Java 9, ya 2017, ResourceBundle, kisomaji cha faili hizo, huanza na UTF-8, mpangilio mpya zaidi.)

Basi nikajiona mjanja. Nikaweka folda moja, `pamoja`, juu ya mradi, kila moduli ikaichukua kwa `../pamoja`. Kwenye laptopu yangu, safi kabisa. Kisha mwenzangu wa Goma akatakiwa kurekebisha ripoti kwa ajili ya tawi la kule. Megabaiti ni pesa, kwa hiyo flashi ilipanda boti la asubuhi, ndani nimeweka pom kuu (faili ya maelekezo ya Maven) na folda ya ripoti tu.

Maven haikulalamika. Iliandika kimstari kimoja, `skip non existing resourceDirectory`, halafu BUILD SUCCESS. Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo: folda isipokuwepo, inairuka na kuendelea na safari. Tulijua siku ripoti ilipokwama mbele ya mama mwenyewe, nembo imebaki Bukavu.

Ushauri wangu ni huu: vitu vya wote vipe moduli yao. Yangu inaitwa `rasilimali`. Ni jar ya kawaida, yaani kifurushi cha Java, haina hata mstari mmoja wa kodi ya Java, na moduli nyingine zinaitaja kama tegemezi. Maven yenyewe inajua ianze kujenga ipi. Na jar hiyo ikikosekana, ujenzi unasimama papo hapo kwa kelele. Kelele hizo ndizo ninazozitaka.

Lakini usitupe faili ovyo juu kabisa ya jar. Mimi naweka `cd/depo/rasilimali/nembo.png`. Jar mbili zikiwa na faili ya njia ileile, Java inachukua inayotangulia kwenye classpath (orodha ya mahali Java inapotafuta faili) bila kukuambia kitu, na unaweza kupoteza siku nzima ukitazama nembo ya mtu mwingine. Kodi nayo isome kwa `getResourceAsStream`, inayofika hadi ndani ya jar; `new File("src/main/resources/...")` inafanya kazi mezani kwako tu.

Fonti pia ilinitesa. Nilikuwa nimewasha filtering (Maven kujaza thamani ndani ya faili) ili namba ya toleo ijiandike kwenye faili za maneno, nayo ikapita ndani ya `.ttf` kana kwamba ni maandishi, ikaiharibu. Sasa fonti zina folda yake isiyo na filtering.

Kisichotumiwa na moduli mbili au zaidi kibaki kwa mwenyewe. Fomu ya kuhesabia stoki haina kazi nje ya stoki.

Ukijenga moduli moja, andika `mvn -pl ripoti -am package`; `-am` hujenga pia moduli ambazo hiyo inazitegemea. Ukisahau `-am`, Maven itachukua `rasilimali` iliyolala ndani ya `~/.m2`, ghala la Maven kwenye kompyuta yako, tangu `install` ya mwisho, nawe utakaa unabishana na namba ya simu uliyoibadili jana.