Nanunua gemu mpya, wiki haiishi nimeichoka

*Shikamoo shangazi. Nina miaka 29, ni karani wa stoo Industrial Area na naishi Roysambu. Mwaka jana nilijinunulia PS5, ile mashine ya gemu, kwa akiba ya miezi minane. Tangu hapo kila mshahara ukiingia lazima ninunue gemu. Sasa ninazo 14: tisa ni za CD, kila moja kati ya Sh6,000 na Sh8,500, na tano nilizipata Steam, duka la gemu la mtandaoni, kwenye laptopu wakati wa ofa. Niliyoimaliza ni moja tu. Nyingine nacheza saa moja, moja na nusu, nazima, kisha najikuta YouTube nikimtazama mtu mwingine akicheza gemu ile ile niliyonunua. Ajabu ni kwamba siku ya kungoja gemu ifike usingizi huniruka kabisa. Juzi mchumba wangu (huu ni mwaka wetu wa nne, Desemba tunapeleka posa kwao Machakos) aliniuliza huku akicheka, "Na mimi nikishaingia nyumbani, utanizima?" Kicheko chenyewe hakikuwa cha mzaha. Nilikosa jibu. Nina shida gani?*

Marahaba mwanangu.

Acha nianze na vitambaa vyangu, kisha nije kwa gemu zako. Chini ya kitanda changu kuna sanduku lenye vitambaa 11 ambavyo havijaonja mkasi. Kila nikipita Biashara Street miguu inakata kona yenyewe. Napenda kukivuta kitambaa hadi mlangoni nikione kwenye mwanga, kubishana bei na muuzaji ambaye tayari ananijua kwa ubishi wangu, halafu nipande matatu nimepakata mfuko, najiona kabisa nimeketi mstari wa mbele harusini na gauni limenikaa. Nikifika nyumbani mfuko unaingia sandukuni. Gauni nilishalivaa ndani ya matatu, fundi wa nini tena?

Ndivyo ulivyo na gemu zako. Usiku ule usiolala ukingoja CD ifike ndio unaoicheza. Ikifika, utamu umeshakwisha.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na wataalamu wa ubongo wamefika karibu na hapo kwa njia yao. Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake walionyesha kwamba kutaka kitu na kukifurahia hushughulikiwa na sehemu tofauti za ubongo. Panya walioondolewa dopamini, kemikali ya ubongo inayochochea hamu, waliendelea kulamba midomo kwa raha walipotiwa maji ya sukari mdomoni, lakini hawakuinuka kwenda kuyatafuta wenyewe. Raha ilikuwepo, hamu haikuwepo. Wewe ni panya wa upande wa pili, usinikasirikie: hamu inakukimbiza hadi dukani, na ukishafika nyumbani raha haijakufuata. Duka nalo linaijua hamu hiyo. Ofa yenye saa inayohesabu kurudi nyuma haikuwekwa pale kwa bahati mbaya.

Hukuniambia ulianzia wapi kucheza. Kwa umri wako nabahatisha: kibanda cha mabati mtaani, runinga nene yenye picha inayotetemeka, benchi moja la watoto wanane, na pedi ambayo kitufe kimoja hakibonyezeki mpaka ukipige kidogo. Mechi shilingi kumi. Ukifungwa unampisha mwenzako, unarudi mwisho wa foleni ukimwombea mabaya. Navijua vibanda hivyo kwa sababu kitindamimba wangu alitumwa maziwa akarudi saa tatu baadaye bila maziwa wala pesa, na uso unang'aa kama aliyetoka hija. Mle ndani kulikuwa na gemu moja tu, nayo ilikuwa imekwaruzika. Hakuna aliyeichoka, kwa kuwa kila mtu aliipata kwa dakika chache na mbele ya mashahidi wa kumcheka.

Leo una gemu 14, pedi nzima, kiti chako, na huna wa kumpisha. Nadhani umekuwa ukiagiza benchi lile kwa njia ya CD, na benchi haliletwi na mtu wa pikipiki.

Halafu kuna saa. Unatoka kazini jioni, Thika Road imeshikana, unaingia nyumbani saa mbili usiku, unasonga ugali, unaoga. Ukiwasha PS inakuambia ingoje kwanza ipakue masasisho. Yakiisha, gemu mpya inakutia darasani: bonyeza hapa uruke, bonyeza pale ujikinge. Hizi gemu kubwa za ulimwengu mpana huhitaji makumi ya saa kumalizika, na wewe una dakika 60 na macho mekundu. Kwa hiyo unazima pale pale shule inapoisha na gemu inapoanza. Kumi na tatu umeziachia mlangoni, si ajabu unahisi hakuna inayokukaa. Na YouTube ni rahisi kwa sababu mwenzio ameshakusomea darasa hilo.

Sasa nisikilize kuhusu pesa, maana hapa nilishika kichwa. Steam hukurudishia pesa zako ukiomba ndani ya siku 14 tangu ununue, mradi hujaicheza gemu zaidi ya saa 2. Wewe unazima baada ya saa moja na nusu! Ungeweza kurudisha karibu kila ulichonunua huko na kubaki na pesa zako, lakini unaiacha ikae, kwa sababu kurudisha ni kukiri. Kuanzia leo ukinunua Steam, weka kengele kwenye simu ilie baada ya saa moja na dakika 40. Ikilia na unaona inakukatiza, endelea kucheza. Ikilia ukashukuru, omba pesa zako usiku huo huo.

CD tisa zina dawa rahisi zaidi kwa sababu zina mnunuzi. Chagua moja ubaki nayo. Nane zipeleke kwa wale wa maduka ya katikati ya mji wanaonunua na kubadilisha CD zilizotumika, au uziuze kwa wenzako kazini. Hutapata bei uliyonunulia, kubali hasara. Ukingoja bei irudi utangoja na kutu, kwa kuwa gemu hushuka bei haraka. Tazama hii ya mpira ya kampuni ya EA inayotoka upya kila mwaka: kufika Krismasi mara nyingi bei imeshapigwa panga, na wachezaji ni wale wale.

Usinunue uanachama wa kulipia kila mwezi ili ufunguliwe mamia ya gemu. Najua kuna rafiki atakushauri hivyo. Mtu aliyelemewa na sahani 14 haponi kwa kupelekwa bufee.

Badala yake chukua ile CD moja na uipe siku, tuseme Jumamosi alasiri, ukiwa umelala vya kutosha, simu iko chumba kingine. Mwalike mtu. Kama ni gemu ya mmoja, pokezaneni pedi, akifa mmoja anapisha. Ukifanya hivyo Jumamosi tatu na bado huoni ladha, basi huenda gemu zimeisha kwako, na hilo si ugonjwa. Mimi niliacha kuruka kamba.

Ila nikuulize jambo, na ujibu ukiwa peke yako. Je, ni gemu tu? Mpira bado unautazama kwa kelele? Chakula kina ladha, usingizi unakuja siku zisizo na CD njiani, marafiki bado unapokea simu zao? Kama kila kitu kimepoa hivyo hivyo kwa wiki mbili au zaidi, acha hesabu za CD, nenda kituo cha afya uongee na daktari. Huenda ni sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, nao hutibika. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina namba 1199, haikutozi kitu kupiga.

Nije kwa binti wa watu. Umekosa jibu kwa sababu ulidhani anauliza kama wewe ni mtu wa kuchoka haraka. Gemu 13 umezichoka kabla hujazijua. Yeye unamjua mwaka wa nne huu, umemwona akinuna, akiugua, akikosa nauli, na bado unampigia. Hilo umwambie kwa maneno hayo hayo.

Lakini nadhani pia anapiga hesabu, na ana haki. CD tisa kwa bei yako ya chini kabisa ni Sh54,000. Desemba unapanda kwenda Ukambani, na wazee wa kule watakungoja na habari ya mbuzi wa ntheo, wale wa kufunga ndoa kwa mila ya Kikamba, si ya trela ya gemu mpya. Msichana anayeona mbuzi wakigeuka CD mwezi baada ya mwezi lazima acheke kile kicheko. Ukiziuza hizo nane, pesa mpe yeye azitunze, na umwonyeshe M-Pesa ikitoka.

Na niandikie tena. Kuna moja uliimaliza, lakini hukunitajia ni ipi. Ulikuwa unaicheza na nani?