Muulize Fundi: Inawaka kwa choki tu

SWALI: Pikipiki yangu ya zamani ilikaa miezi mitano bila kuguswa. Sasa haiwaki bila choki (ule wenzo wa kupunguza hewa wakati wa kuwasha injini baridi), na nikirudisha choki inazima. Nikishikilia mafuta juu, inakwenda vizuri. Nimebadilisha plagi, wapi! Shida ni nini?

JIBU: Plagi umeionea bure. Injini inayokwenda vizuri mafuta yakiwa juu, kisha inazima ukiyaachia, mshukiwa wa kwanza ni jeti ndogo ya kabureta, yaani kipande chenye katundu kanakopitisha petroli injini ikiwa inanguruma taratibu. Petroli iliyolala muda mrefu huacha utando kama gundi, na kale katundu ni kembamba mno.

Funga koki ya tangi, legeza skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta, kinga mafuta kwa chupa ya kioo. Kama yana maji, yatatuama chini. Kutu nayo utaiona. Kisha fungua bakuli, toa jeti, itazame ukiielekeza kwenye mwanga. Usipoona nuru, iloweke kwenye dawa ya kusafishia kabureta, halafu ipulize kwa upepo wa kompresa. Usichokonoe! Nikiwa bado najifunza kazi nilichokonoa kwa sindano, tundu likapanuka, pikipiki ya watu ikawa inabugia mafuta na kukohoa moshi mweusi hadi tulipoweka jeti mpya.

Skrubu ya hewa, kabla hujaitoa, ikaze taratibu ukihesabu mizunguko mpaka iguse. Andika. Utairudisha palepale.

Ikigoma bado, kagua mpira unaounganisha kabureta na injini. Ukiwa na ufa huingiza hewa ya wizi, na dalili ni hizohizo.