Beach, sale na wenzao: maneno ya Kiingereza yanayomponza mtembeza wageni

Kiswahili kina irabu tano tu. Kiingereza cha Uingereza kina sauti za irabu zipatazo 20, kwa hivyo sikio letu huzitia mbili tatu katika kapu moja. Hapo ndipo mtembeza wageni wa Nungwi au Paje anapoumbuka.

La hatari zaidi ni beach. Irabu yake huvutwa, midomo imetanuka kama ya anayetabasamu. Ukiikata, umemtukana mgeni wa watu. Mhudumu wa hoteli anayekuja kubadilisha sheet naye ajihadhari: akiifupisha, ametaja kinyesi. Lakini kosa si ufupi peke yake. Irabu fupi ya Kiingereza, ile ya ship, si i ya "sisi". Imelegea na inaelekea kwenye e. Tamka "sisi", kisha shusha ulimi kidogo na uilegeze midomo. Aliyeizoea hiyo hatomwambia mgeni I leave in Jambiani akikusudia I live, yaani anaishi huko.

Jipime kwa simu. Weka kibodi ya Kiingereza, bonyeza maikrofoni, tamka ship mara kumi, halafu sheep mara kumi, uhesabu zilizoandikwa sawa. Iwe neno peke yake. Ukisema sentensi nzima, simu hubahatisha kwa maneno ya jirani na kukusitiri makosa.

Three na tree zisikutishe: th ya "thelathini" ndiyo hiyo hiyo. Anayesema "selasini" ajilaumu mwenyewe.

Maradhi mengine ni ya kalamu. Sail na sale hutamkwa sawasawa, basi usijisumbue kuzitamka; ziandike ndani ya mifano. Sail ni tanga la jahazi, au kusafiri kwa tanga. Sale ni mauzo. Vibao vya boat for sell vimezagaa pwani, na kosa lake ni hili: sell ni kitendo, we sell spices, ilhali for inataka jina, yaani for sale. Tide na tied nazo zikae sentensi moja: the boat is tied at low tide, chombo kimefungwa maji yamekupwa.

Usitegemee simu ikupigie mstari mwekundu, maana yote ni maneno sahihi ya kamusi. Ndiyo maana duka la madaftari huandikwa stationary bila ya mtu kushtuka. Inayotakiwa ni stationery, yenye e kama ya envelope. Ile ya a maana yake ni kitu kilichosimama, hakiendi.