Kamera ya Kuzamia: Uliza Mita Kabla ya 4K

Maswali ya kamera za kuzamia yamekuwa mengi tangu kaskazi ianze, kutoka Msimbati hadi Kilwa, na wengi mnasema jambo moja: pesa ni kidogo. Nimechagua matano.

Nina laki tano. Dukani nimeonyeshwa kamera mbili ndogo: SJCAM mpya yenye kasha lake la kuzuia maji, na GoPro HERO7 iliyotumika, haina kasha. Nazamia kwa mtungi Mnazi Bay. Nichukue ipi? (Mwalimu, Mtwara Mjini)

Mwalimu, kitu cha kwanza kuuliza ni mita. Kila mita 10 unazoshuka, maji yanaongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Ukifika mita 20, kamera inabanwa mara 3 ya inavyobanwa ikiwa mashuani. HERO7 inaingia majini bila kasha, lakini mwisho wake ni mita 10. Mzamiaji mwenye cheti cha kwanza anaruhusiwa kufika mita 18, kwa hiyo kwenye mzamio wa kawaida kabisa utakuwa umeipita. Ikivaa kasha lake inafika mita 60. SJ4000 ya SJCAM na nyingine za aina yake huja na kasha la mita 30, linalokutosha.

Mimi ningechukua GoPro, kwa sharti moja: uwe umelishika mkononi kasha la HERO7 kabla hujalipa. La HERO8 haliitoshi. Ukilikosa, chukua SJCAM bila kujuta, kwa sababu ndiyo utakayoweza kushuka nayo.

Neno 4K, yaani kiwango cha video yenye picha kali sana, lisikutie haraka. Zipo kamera za bei ya chini zinazopiga picha ndogo, kisha programu inaivuta mpaka iitwe 4K. Video safi ya 1080, kiwango kilicho chini ya 4K, inaishinda hiyo kwa mbali, tena haijazi kadi. 4K inayorekodiwa kwa megabiti 60 kwa sekunde inakula gigabaiti 27 kwa saa moja. Na tafadhali, hizo laki tano zisiishie zote kwenye kamera. Tenga pesa ya tochi, betri ya pili na memori kadi halisi. Kadi bandia ni nyingi, na utaigundua ukiwa umesharudi nchi kavu na video haipo.

Video zangu zote ni za bluu, nyingine kijani. Chewa mwekundu anatoka kijivu. Kamera ni mbovu? (Kijana wa Mikindani)

Kamera yako ni nzima, mdogo wangu. Maji yanameza mwanga, na wekundu ndio wa kwanza kumezwa: unaanza kufifia ndani ya mita 5 za mwanzo, na ukipita 10 umebaki kidogo mno. Kumbuka pia mwanga unasafiri mara mbili, kwanza kutoka juu hadi kwa samaki, kisha kutoka kwa samaki hadi kwenye lenzi. Ndiyo maana dawa ya kwanza haina gharama: msogelee. Kamera hizi zina lenzi inayotazama upana mkubwa, hivyo samaki aliye mita 3 mbele anaonekana kama dagaa na rangi yake imeshapotea. Lenga chini ya mita moja.

Dawa ya pili ni filta nyekundu. Inasaidia kati ya mita 5 na 20 hivi, penye maji ya bluu. Ukiwasha tochi, vua filta, la sivyo kila kitu kitakuwa chekundu.

Ya tatu ni tochi yenyewe, na hapa ndipo ningeweka pesa kabla ya kufikiria kamera mpya. Chagua inayotawanya mwanga, na uishike mbali na lenzi, pembeni. Ukiibana karibu na kamera, itamulika chembechembe zote zilizo mbele yako, na video itajaa vidoadoa vyeupe. Mvua zikikolea, Ruvuma ukamwaga tope baharini, hata tochi haikusaidii sana. Subiri maji yatulie.

Je, simu ndani ya mfuko wa plastiki wa kuzuia maji? (Dada wa Lindi)

Kwenye maji kupwa ukitazama pweza mwambani, sawa. Kuzamia, hapana. Maji yakiubana mfuko, kioo hakisikii tena kidole, na chozi moja la chumvi ndani linaimaliza simu.

Kasha linaingia ukungu ndani nikifika chini. (Mtembeza wageni, Kilwa Masoko)

Hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Ukilifunga kasha mashuani saa sita, unaufungia humo. Kamera ikipata joto na maji yakakipoza kioo, unyevu unageuka matone juu yake. Lifunge asubuhi, chumbani, pakavu, na weka ndani kipakiti cha kukausha unyevu, kama vile vinavyokuja kwenye boksi la viatu.

Kabla ya kufunga, ikague oringi, ile pete ya mpira inayozuia maji, kwa mwanga. Unywele mmoja au punje ya mchanga inatosha kuingiza maji. Paka grisi ya silikoni kidogo tu, ing'ae bila kuvimba. Ukitoka baharini, loweka kasha likiwa limefungwa kwenye ndoo ya maji yasiyo na chumvi, bonyeza vitufe vyote ili chumvi itoke.

Sisi ni wanakikundi wa BMU, kikundi cha kijiji cha kusimamia uvuvi na pwani. Tunataka kamera moja ya kufuatilia matumbawe yaliyopigwa baruti zamani, tuone kama yanarudi. (Msimbati)

Swali hili limenifurahisha kuliko yote, kaka zangu na dada zangu. Kamera yoyote kati ya hizo za mwalimu inafaa. Kinachohitajika zaidi ni nidhamu. Chagueni sehemu chache, zitieni alama, na mrudi palepale kila msimu, kwa kina kilekile. Pitisheni futi ya kamba juu ya matumbawe ili ukubwa usomeke kwenye picha. Lengeni moja kwa moja chini, mwendo wa polepole. Sahihisheni tarehe na saa ya kamera kabla ya kushuka, na nakala ya picha ikae sehemu mbili tofauti.

Anayeshika kamera awe yule anayeweza kuelea bila kupanda wala kushuka. Ambaye bado anapiga mapezi kutafuta mizani asipewe, hata kama ndiye aliyechanga pesa nyingi, maana pezi moja linavunja tawi lililochukua miaka kukua.