Nilipakua Filamu Moja, Nikaambiwa Nimesambaza

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza na ninaishi bwenini. Wiki iliyopita akaunti yangu ya mtandao wa chuo ilifungwa, na barua niliyopewa na kitengo cha TEHAMA inasema kwamba kompyuta yangu imesambaza filamu kinyume cha hakimiliki. Ni kweli niliipakua kwa torenti, lakini niliitazama peke yangu, wala sikumpa mtu yeyote. Programu niliyotumia ni halali. Nimekosea wapi? Tena walijuaje kuwa ni mimi, ilhali bweni zima tunatumia mtandao mmoja?

JIBU: Ndugu msomaji, naamini kabisa kwamba hukukusudia kumpa mtu filamu hiyo. Kompyuta yako, hata hivyo, iliwagawia watu usiowajua, na hilo ndilo jambo ambalo wanafunzi wengi hulifahamu baada ya kupewa barua kama yako.

Unapopakua kutoka tovuti ya kawaida, seva hutoa nawe hupokea. Katika torenti faili hukatwakatwa vipande vidogo, na kila kompyuta iliyojiunga na kundi hupokea vipande isivyo navyo huku ikiwapa wengine vile ilivyokwisha kupata. Itifaki ya BitTorrent, yaani kanuni ambazo torenti hufuata, aliyoitunga Bram Cohen mwaka 2001, iliundwa hivyo kwa makusudi ili mzigo usimwelemee mtoaji mmoja. Kwa hiyo ulianza kusambaza kabla hata hujamaliza kupakua, na baada ya filamu kukamilika, programu iliendelea kuigawa kila ilipokuwa wazi, pengine bila wewe kuifungua, kwa kuwa nyingi huwaka pamoja na kompyuta. Programu ni halali kweli, na hata mifumo huria ya kuendeshea kompyuta kama Debian na Ubuntu husambazwa kwa njia hiyo kwa ridhaa ya waundaji wake. Kilichokosekana kwako ni ridhaa ya mwenye filamu.

Kuhusu walivyokujua, kompyuta zilizo katika kundi moja hazina budi kuonana anwani za IP, yaani namba zinazozitambulisha mtandaoni, la sivyo haziwezi kupeana vipande. Mawakala wa wenye hakimiliki hujiunga kama mtu mwingine yeyote, wakaandika anwani na saa, kisha wakapeleka malalamiko kwa mmiliki wa anwani, yaani chuo. Kwa mtu wa nje bweni zima laweza kuonekana kama anwani moja, lakini kumbukumbu za ndani huonyesha ni akaunti ipi iliyokuwa ikitumia mtandao kwa namna ile na saa ile. Ndiyo maana mtu anayempa mwenzake nenosiri hubeba na lawama za mwenzake huyo.

Usiichukulie barua hiyo kama karipio la kawaida. Mwezi Aprili 2003 kampuni za muziki za Marekani ziliwashtaki wanafunzi 4 wa vyuo vya Princeton, Rensselaer na Michigan Tech, waliokuwa wakiendesha huduma za kutafuta faili ndani ya mitandao ya vyuo vyao, nao wakamaliza kesi kwa kukubali kulipa kati ya dola 12,000 na 17,500 kila mmoja. Jibu barua kabla ya muda kwisha, eleza ukweli kama ulivyonieleza mimi, futa filamu, na uondoe torenti yake ndani ya programu, kwa sababu kufunga dirisha peke yake mara nyingi hakusimamishi ugawaji.

SWALI: Mhariri, ninaandika tasnifu, na kompyuta yangu ina mahojiano ya watu walioniamini. Mdogo wangu aliweka humo programu ya zamani ya kugawana nyimbo. Je, kuna hatari?

JIBU: Ipo, na kwangu mimi ni nzito kuliko ile ya filamu. Torenti hugawa faili zilizochaguliwa tu, ilhali programu za kizazi cha LimeWire hugawa folda nzima. Mtumiaji akionyesha folda isiyo sahihi, labda ile ya nyaraka zake zote, kila kilichomo huweza kutafutwa na kupakuliwa na wageni, na nakala ikishatoka hairudishiki. LimeWire yenyewe ilifungwa kwa amri ya mahakama mwaka 2010, kwa hiyo anayeitafuta leo huenda akapakua kirusi kilichopewa jina lake.

Tenganisha kompyuta na mtandao leo hii, angalia katika mipangilio ya programu ni folda zipi zilizokuwa zikigawiwa, uziandike, ndipo uiondoe. Iwapo folda ya mahojiano ni mojawapo, mweleze msimamizi wako mapema, maana waliohojiwa wana haki ya kujua.