Kilele kifupi, lakini ondoka asubuhi

Umeuliza kama mlima wa kilomita 4 kwenda na kurudi, wenye kupanda mita 300, unahitaji maandalizi yoyote majira ya joto. Unahitaji, ila si mengi. Kanuni ya kukadiria muda wa kutembea mlimani, aliyoitoa Mskoti Naismith mwaka 1892, ni saa moja kwa kila kilomita 5, kisha saa moja zaidi kwa kila mita 600 unazopanda. Kwako inatoka kama saa moja na dakika 20 bila kupumzika. Mimi ningetenga saa mbili na nusu, maana ukishafika juu hutaki kugeuza papo hapo.

Ondoka mapema. Siku za joto mawingu ya radi hujikusanya mchana, na kileleni kitu kirefu kuliko vyote ni wewe. Ukisikia ngurumo, shuka, picha baadaye.

Maji nusu lita kwa saa, kofia, na koti jepesi la upepo. Wengi huanguka wakati wa kushuka, si kupanda: changarawe juu ya mwamba huteleza kama punje za mahindi sakafuni. Fupisha hatua, kunja magoti kidogo.